Mwaka Kiliponasa Kitanda cha Zuhura

Krrrrrr, halafu tap. Yule mpima alikuwa na futi ndefu ya kitambaa, ile ya kuzungusha kwa mkono, na kila alipomaliza kupima ukuta wa mtu aliizungusha irudi kwenye kasha lake, krrrrrr, mpaka ile ncha ya chuma igonge kasha, tap. Mtaa mzima ulikuwa ukinyamaza kuisubiri tap. Maana baada ya hapo ndipo aliposema neno lake, na neno lake lilikuwa lile lile kila nyumba: "Hapa mmeingia barabarani." Babu Shomari, jirani tuliyetazamana naye mlango kwa mlango, alimjibu kwa adabu zote, "Mwanangu, barabara ipi? Mimi hapa naiona sebule yangu." Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, nimekaa kwenye dirisha la chumba changu kipya, miguu inaning'inia nje, sijui kwamba tap inayofuata ni yangu.

Sauti hiyo imenirudia Jumamosi iliyopita, na iliyoirudisha ni honi. Nilikuwa uani nakuna nazi, Mama Mkubwa amejilaza mkekani sebuleni, tukasikia pii, pii, karibu kabisa kama vile gari limeingia ndani. Mama Mkubwa hakuinuka. Akauliza tu, "Nani huyo anatupigia honi kama tuko stendi?" Nje mtu akajibu kwa sauti ya juu, "Hodi hapa, wala nazi! Mtani wenu nimefika!" Nikaruka na kifuu mkononi. Sauti ile hata ningekuwa usingizini ningeijua. Mama Mkubwa naye aliijua, akapiga ukelele kutoka pale pale mkekani, "Mwanahamisi, Mnyamwezi kaja, ficha masufuria!" Alikuwa Nyamizi, mpangaji wetu wa kwanza, aliyekuja kwetu kutoka Tabora kusoma chuo, na ambaye tulikuwa hatujamtia machoni kwa miaka saba. Sasa ana miwani, ana mwili, ana mtoto wa kike, na ana gari dogo la rangi ya maziwa ambalo alilileta mpaka mlangoni. Mpaka mlangoni kabisa, kuku wetu wakahama. Alishuka akatazama huku, akatazama huku, akaniuliza, "Mwana, kweli nimefika na gari mpaka hapa?" Nikamwambia, umefika. Akaanza kulia. Nami nikalia. Mtoto alipotuona akaanza na yeye, ndipo Mama Mkubwa akatoka kutukemea kwamba tunamtisha mtoto wa watu, na kabla hajamaliza kutukemea machozi yakamdondoka.

Asiyejua habari zetu atashangaa watu wazima kulilia gari kufika mlangoni. Basi nieleze. Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, cheti changu cha kidato cha nne nimekiweka chini ya godoro ambako hakimsumbui mtu, na mtaa wetu, ukitoka mjini kama unakwenda Kaole, ulikuwa umepata wazimu wa vyumba. Wanafunzi wa vyuo walikuwa wanakuja wengi kila muhula kuliko muhula uliopita, mabweni hayatoshi, nao wanapita nyumba kwa nyumba na mabegi kuuliza, "Shikamoo mama, hapa kuna chumba?" Nani atasema hapana? Nyumba zikaanza kuota vyumba. Huyu kaongeza mbele, huyu kaongeza ubavuni, yule kavunja banda la kuku kaweka wanafunzi wawili, na kuku wakawa wanalala jikoni. Asubuhi unaamka unakuta ukuta mpya mahali ulipokuwa unaanika nguo. Hakuna aliyegombana, kwa sababu kila mtu naye alikuwa na lundo lake la matofali linasubiri. Uchochoro ukazidi kuwa mwembamba, na kila aliyejenga alikuwa na kipimo kimoja cha kuonyesha kwamba hakumwonea mtu: alimwita binti apite na ndoo ya maji kichwani. Binti akipita, basi njia ipo. Mara nyingi binti mwenyewe nilikuwa mimi, kwa kuwa nilipenda kuitwa. Nikipita natembea kwa maringo, ndoo haimwagiki hata tone, wananipigia makofi, ukuta unapanda. Hakuna aliyekumbuka kwamba ndoo ikiwa kichwani haichukui nafasi yoyote ubavuni.

Nyumba ya Mama Mkubwa ilikuwa na vyumba sita, ukumbi katikati, na uani kuna jiko, kisima na choo kimoja. Wasichana kumi na mmoja walikaa humo. Mimi nililala na Mama Mkubwa, na kabla ya hapo nililala na bibi, na kabla ya hapo na wadogo zangu watatu; tangu nizaliwe nilikuwa sijawahi kufungua macho asubuhi nisione mgongo wa mtu. Jioni tulikula pamoja ukumbini, masinia mawili, wali wa nazi na mchuzi wa papa au mihogo, na wasichana wakileta kila mmoja cha kwao. Nyamizi alileta asali na viazi vikavu vya kwao, michembe, tukavila tukavisifu, halafu Mama Mkubwa akasema, "Vitamu, lakini sasa nimeelewa kwa nini mlikuwa mnatembea kwa miguu mpaka huku kwetu. Mlikuwa mnatafuta chakula." Nyamizi akajibu, "Tulikuja na mizigo mabegani, Mama, tukawakuta mmelala. Mpaka leo hamjaamka." Wanyamwezi na sisi Wakwere ni watani, na mtani hakasirikiwi. Anakuambia mbele za watu neno ambalo ndugu yako wa tumbo moja hathubutu, nawe unacheka, unalimeza. Kwenye harusi na misiba ndiyo zaidi: mtani anaweza kukaa juu ya kitu chako, akakizuia, na hatolewi kwa nguvu. Anabembelezwa, anapewa kitu, anaondoka. Nayataja haya mapema kwa kuwa yote yaliyotokea yamekaa juu ya hilo.

Chumba changu kilijengwa kabla ya masika. Mama Mkubwa aliniita akaniambia, "Mwanangu, umenifulia, umenipikia, umenihudumia hawa watoto wa watu. Nakujengea chumba. Si cha kupangisha. Chako." Akakiweka kwenye pembe ya mbele ya nyumba, upande wa uchochoro, na dirisha kubwa kwa sababu nilimwambia ndoto yangu: nataka kuuza kalamu na madaftari dirishani, halafu Mungu akijalia nipate mashine ya kutoa kopi, wanafunzi wasiende mjini. Hakucheka. Alimwambia fundi, "Dirisha liwe la duka." Rangi niliipaka mwenyewe, ile ya kijani iliyobaki walipopaka msikiti, mpaka nywele zangu zikawa za kijani. Nilipolala humo mara ya kwanza sikupata usingizi kwa furaha. Nilikuwa nageuka upande huu, nageuka upande huu, hakuna wa kumgonga. Upande wa pili wa uchochoro Babu Shomari naye alikuwa amekwisha kusogeza sebule yake mbele ili nyuma apate vyumba viwili. Kati ya dirisha langu na ukuta wake ningeweza kumpa mtu chumvi bila kusimama.

Kisha mvua ikanyesha na choo kikajaa. Mama Mkubwa akaita gari la kunyonya, likaja, likasimama barabara kubwa karibu na msikiti, likashindwa kuingia. Dereva akauburuta mpira wake kwenye vichochoro, akapotea, akarudi amelowa, akasema, "Mama, mpira umeishia kwa jirani yako wa tatu." Mama Mkubwa akamuuliza, "Sasa nikihamishie choo kwake?" Tulicheka, lakini wiki ile wasichana kumi na mmoja walikuwa wanabisha hodi kwa watu na kopo mkononi, na wawili wakafunga mabegi wakahama. Haikupita muda chuo kikatangaza kwamba hakitawaelekeza wanafunzi kwenye nyumba zisizofikiwa na gari. Hapo ndipo Serikali ya mtaa ilipotuletea mpima, na mpima akatueleza jambo ambalo hatukulitegemea: yeye havunji nyumba ya mtu. Sisi wenyewe tukae, tukubaliane barabara ipite wapi, kila mmoja atoe kidogo, ndipo apige vigingi na kila mtu apate karatasi ya kiwanja chake. Tusipokubaliana, anakunja futi yake anakwenda mtaa mwingine. Krrrrrr, tap.

Tulikaa mara tatu kwenye baraza ya madrasa, na kwa adabu tulizokuwa nazo hatukufika popote. Mtu anasimama, anasalimia, anamshukuru Mungu, anasema yeye barabara anaitaka sana, anakaa. Mwingine anasimama, anasema yeye pia, na hana neno na jirani yake. Hakuna aliyeweza kumwambia mwenzake umenizibia njia, maana wote walikula harusi moja na kuzikana makaburi mamoja. Babu Shomari alikuwa akisema, "Mimi nasubiri upande wa pili wa uchochoro waseme." Upande wa pili wa uchochoro tulikuwa sisi. Mama Mkubwa, ambaye kwa kawaida hakosi neno, alikuwa anafunga na kufungua pindo la khanga. Nilidhani anaonea uchungu matofali yake. Mpaka asubuhi moja, niko chumbani kwangu napanga kalamu sita nilizokuwa nazo, kwa urefu, kisha kwa rangi, nikawasikia yeye na Babu Shomari wamesimama nje ya ukuta wangu, hawajui nimo. Babu alimwita Mama Mkubwa kwa jina lake, "Tatu, tutapoteza wanafunzi wote. Ni pembe yako ile tu; ikianza kutoka hiyo, sote tutafuata." Mama Mkubwa akajibu, "Shomari, chumba nimempa mtoto. Nikamwambie nini? Kwamba nimekumbuka kukitaka?" Nilikaa chini sakafuni nikashikilia kalamu zangu. Nilifurahi kwamba ananipenda namna ile, na papo hapo nikaona kuwa ni mimi ninayeuzuia mtaa. Siku tisa sikumwambia mtu. Nilikuwa nalala humo, naunusa ukuta unavyonukia rangi, najiambia labda futi ya mpima ina makosa.

Baada ya Idi ikawa harusi ya Zuhura, binti wa Babu Shomari. Babu alikuwa amemwekea kitanda, samadari ya mninga, na hakutaka kinunuliwe mjini. Fundi seremala alikaa uani kwake karibu mwaka mzima anachonga, na kila aliyepita aliambiwa, "Sitaki cha skurubu. Kitanda cha skurubu kinalia, na nyumba za siku hizi kuta ni nyembamba." Wanawake walikuwa wanaficha nyuso kwa khanga. Kwa hiyo fundi alikiunga moja kwa moja, gundi na vijiti vya mbao, hakifunguki. Alipoanza kukichonga uchochoro ungeweza kupitisha ng'ombe wawili. Alipokimaliza, kulikuwa na sebule ya Babu mwenyewe upande huu, na chumba changu cha kijani upande huu.

Siku ya kupeleka vyombo, alasiri, kikatoka. Wanaume wanane wamekibeba, wanawake nyuma na masufuria, mabeseni, godoro, vigelegele mpaka masikio yanauma. Mimi nilikuwa na mito miwili ya bi harusi kichwani. Kikafika kwenye pembe yangu, kikasema krr, kikasimama. Wakakiinamisha. Wakakisimamisha wima, nyaya za umeme zikakataa. Wakakirudisha, kikagoma na kurudi. Babu Shomari kavaa kanzu nyeupe na kofia ya kutarizi, jasho linamtiririka, anawaambia, "Sukuma! Kwani nyie hamkula?" Mmoja akajibu kutoka chini ya kitanda, "Babu, tumekula. Ni sebule yako ndiyo iliyoshiba." Upande wa bwana harusi walikuwa wanapiga simu: mbona kimya, kitanda kiko wapi, au mmeghairi? Zuhura ndani akaanza kulia kwamba ni nuksi.

Hapo Nyamizi akavua viatu, akapanda juu ya kitanda, akakaa katikati na miguu ameikunja kama bi harusi mwenyewe. Wabebaji ikabidi wakishushe. Babu Shomari akasema, "Shuka wewe Mnyamwezi, leo si siku yake!" Nyamizi akasema, "Ndiyo siku yangu hasa. Mtani nimekaa." Watu wote wakapiga kelele za furaha, wakijua sasa kuna kazi. Mama mmoja akamtupia pipi. Nyamizi akazila, akabaki pale pale. Akapewa leso mpya, akajifunga kichwani, akabaki pale pale. Akasema, "Babu zangu walitoka Tabora na mizigo mabegani, wakapita hapa hapa, na njia ilikuwepo. Nyie Wakwere mliachiwa njia ya kulinda tu, kazi ndogo hivyo, nanyi mmeila. Umeila wewe, na wewe, na wewe Babu umeila na mchuzi. Sitaki pipi wala leso. Nataka hatua. Nani anatoa hatua ngapi?" Kicheko kikaanza kikubwa, halafu kikapungua, kikapungua, mpaka nikasikia kuku. Neno lilikuwa limekwisha kusemwa, na lilisemwa na mtani, hakuna wa kununa. Babu Shomari akapangusa uso akasema, "Mimi natoa, upande wa pili wakitoa." Macho yote yakamgeukia Mama Mkubwa. Naye akatazama chini, kwenye pindo la khanga yake. Hakunitazama mimi hata kidogo.

Sijui sauti ilinitokaje na mito ile kichwani. Nilisema, "Chumba kitoke." Mama Mkubwa akasema haraka, "Mwanangu, nyamaza, haya mambo ya wakubwa." Nikamwambia, "Mama Mkubwa, si umenipa? Ukishanipa ni changu. Basi mimi ndiye ninayekitoa." Nilitaka niseme kwa furaha na nilisema kwa furaha, ila mito niliishusha kichwani nikaikumbatia. Babu Shomari akavua kofia. Akanitazama, akaitazama sebule yake, akasema, "Haya. Mtoto katoa chumba chote, mimi na mvi hizi nitoe nini? Fundi, lete nyundo, anza kwangu." Na ikaanza kwake, halafu kwangu, wanaume wamepandisha kanzu viunoni wanabomoa, vumbi limewapaka wote unga, wanawake wanaimba nyimbo za harusi na kuzitia maneno ya matofali. Niliingia mara moja kuokoa kalamu na godoro. Ukuta wa dirisha ulipoanguka, upande wa ndani wa kijani uliangalia juu, na watoto wakaokota vipande. Huko nyuma watu wakawa wanapokezana: "Mimi hatua moja na nusu!" "Mimi natoa choo cha nje!" "Mimi natoa mnazi!" Nyamizi akabebwa juu ya kitanda mpaka pale kilipopita pembe, akapiga kigelegele chake cha kwao, akashuka mwenyewe. Nilikuwa nimelala ndani ya chumba kile usiku sabini na sita. Usiku wa sabini na saba nililala nyuma ya mgongo wa Mama Mkubwa, naye alinyoosha mkono nyuma akanishika kisigino, akakishika mpaka akalala.

Mpima alirudi, krrrrrr, tap, akasema, "Sawa." Hatukujua tufanye nini na neno hilo, hatukulizoea, Babu Shomari akamwomba alirudie. Gari la kunyonya likaja mpaka mlangoni tukalishangilia kama timu ya mpira. Na miaka miwili baadaye, mashine yangu ya kopi ilipofika, nzito, inabebwa na guta la magurudumu matatu, ndipo nilipojua kwamba kwenye uchochoro ule wa zamani isingepita kamwe. Sasa iko kwenye chumba cha mbele, nafanya kazi kutwa, wanafunzi wananiita dada. Bado sijapata chumba cha kulala peke yangu. Nina mume anayekoroma.

Haya yote tuliyasema Jumamosi, mimi na Nyamizi, mbele ya sinia moja, mwanawe amelala mapajani kwa Mama Mkubwa. Nyamizi hakujua kula samaki wa miiba wakati ule na hajui mpaka leo, bado namchambulia. Katikati ya chakula aliniambia, "Mwana, siku ile nilipopanda kitandani nilijua ni chumba chako. Ndiyo maana nilikaa nimekupa mgongo. Nisingeweza kusema nikiwa nakuona." Nikamwambia mimi nilikuwa nimejua siku tisa kabla ya siku hiyo. Akaacha kutafuna. Akauliza kilikuwa mahali gani hasa. Nikamwonyesha kupitia mlangoni. "Umeegesha juu ya kitanda changu," nikasema. "Gurudumu la mbele ndilo lililo kwenye mto." Alitaka kuinuka akalisogeze, nikamzuia, tukacheka mpaka mtoto akaamka.

Waliondoka alasiri. Asubuhi niliamka kabla ya watu, nikachukua ufagio kama kila siku, nikafagia uani, nikafagia barazani, nikatoka kufagia mbele ya mlango. Mchanga ulikuwa na alama mbili za magurudumu, zimekuja moja kwa moja, zikasimama, zikageuka. Nilifagia majani ya upande huu, nikafagia majani ya upande huu, na zile alama nikaziacha.